Namba Kifuani mwa Marehemu

Ndani ya teksi ya Marabo kwenda Bunia, Carine, aliyekimbia vita vya Djugu mara tatu, alisikiliza watu wawili waliokaa mbele yake. Monique, mwenye kitambaa cheusi, alimwonyesha mpiga picha Léon simu yake. Ilikuwa picha ya marehemu mama yake, na kifuani palikuwa na jina na namba ya simu ya Léon kwa herufi nyeupe.

"Papa Léon, ni weye ulikufa? Juu ya nini jina yako iko kwa mama yangu?"

"Mama, nisipoandika wanaiba. Picha yangu ya kule Bambu waliitia mu kalendari, hata asante sikupata. Tena hii ni publisite yangu, wateja wanipigie."

Kuiba, waliiba kweli. Carine naye amepigwa picha tangu vita vya kwanza, na jina lake halijaandikwa hata kwenye moja.

"Siye tulituma hii picha ku WhatsApp, kutangaza matanga. Watu walikupigia weye?"

"Wengi, wakilia. Nikawaambia mumekosea, miye mupiga picha tu."

"Kaka yangu Destin tulipotezana siku ya kukimbia vita. Anagugumiza akisema."

"Mumoja aligugumiza. Nikafikiri ananichezea. Nikakata simu."

Léon akatafuta namba hiyo kwenye simu yake. Orodha ya waliompigia ilirudi nyuma hadi Jumanne tu. Matanga yalikuwa ya mwezi uliopita.

Teksi ikasimama Bunia, dereva akawaambia washuke. Carine alishuka, wale wawili wakabaki wamekaa.

"Mbele ya weye kukata simu," Monique alikuwa anauliza, "alisema nini?"