Mama Kwanini na Bomba Linalodondosha

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya masikio, muuguzi mkuu wa chumba cha vipimo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye barua za ofisi ana jina refu lenye heshima zote. Sisi tunamjua kama Mama Kwanini.

Jina alilipata kwa haki. Zamani tuliridhika kwamba maji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio kwa sababu tu kijia cha kuelekea puani kimeziba. Tukiyatoa, kazi imekwisha. Yeye hakukubali. Kama ni maji yaliyokosa njia, kwa nini yanatoka mazito kama gundi? Na kwa nini yanawarudia watoto walewale wenye mafua yasiyoisha? Alitung'ang'ania mpaka tukapeleka sampuli maabara, na majibu yakaja: chembe za kinga tele. Utando wa ndani ya sikio ulikuwa umevimba kwa mwasho, nao wenyewe ukizalisha ute ule. Kumbe habari yote ilikuwamo katika vitabu vya kabati letu, ila hakuna aliyekuwa amevifungua.

Kisha akaletwa binti wa miaka sita. Shule ilitaka kumwondoa darasani kwa ukaidi. Hakuwa na homa wala maumivu, na daktari anayeandika haya, akiwa na haraka zake, aliandika jaladani kwamba mtoto hataki kushirikiana. Aibu hiyo anayo mpaka leo. Mama Kwanini alilichukua jalada lilelile, akafunika nalo mdomo wake, akamwita mtoto. Kimya. Alikuwa akitusoma midomo.

Ute ulitolewa, akawekewa kijibomba sikioni, na nyama zilizovimba nyuma ya pua zikaondolewa. Wiki mbili baadaye alirudi, akakunja uso, akalalamika kuna kitu kinampigia kelele. Tulitafuta chumba kizima. Lilikuwa bomba la sinki, likidondosha tone moja moja, nasi tulishalizoea. Mama Kwanini alilia mbele yetu sote bila kujificha.

Tangu siku hiyo kila mtoto aliyetibiwa husimamishwa kwanza karibu na sinki, na fundi amepigwa marufuku kuligusa.

Asante kwa kutusumbua, Mama Kwanini. Pumzika vyema, afya iwe nawe, na wajukuu wakuulize maswali mpaka uchoke. Bomba hatutalitengeneza.