Bi. Mukai Ndolo na Mstari Mmoja Uliotuchanganya

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2008, Bi. Mukai Ndolo anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Galaksi, hapa Kisaju, kwa miaka kumi na saba. Tuliofanya kazi naye bado hatujakubaliana kama ni mtu mkali au mpole. Labda wasomaji wataamua wenyewe.

Alikuja mwaka 1991 akitoka kufundisha fizikia katika shule ya sekondari huko Machakos. Majirani zake wa Kitengela hawakuwahi kuielewa ajira yake. Wengi walidhani hiki ni kituo cha hali ya hewa, na mvua ikichelewa walimsimamisha sokoni kumwuliza iko wapi. Wengine walishangaa mtu wa nyota anawezaje kuingia kazini asubuhi na kutoka jioni. Aliwaeleza kwamba darubini iko nchi nyingine, na yeye huletewa mwanga uliokwisha kupigwa picha. Maelezo hayo yaliwachanganya zaidi.

Kazi yenyewe ni hii. Gesi iliyo ndani ya galaksi, ikipashwa na nyota changa, hung'aa kwa rangi maalum: oksijeni ina zake, hidrojeni ina zake. Mwanga ukitawanywa kama upinde wa mvua, rangi hizo huonekana kama mistari myembamba inayong'aa. Galaksi ikiwa mbali, ulimwengu unaotanuka huwa umeyavuta mawimbi ya mwanga njiani, na mistari huonekana imesogea upande wa rangi nyekundu. Ukijua mstari ulipaswa kuwa wapi na umeangukia wapi, utajua galaksi iko mbali kiasi gani. Bi. Mukai amepima maelfu, na karibu sote ni yeye aliyetufundisha kusaka mistari miwili au mitatu inayokubaliana kabla ya kufungua mdomo.

Shida huja mstari unapokuwa mmoja tu.

Mwaka 2001 Parmuat Simel, wakati huo mwanafunzi wa uzamifu chini ya Bi. Mukai, alipata galaksi ya namna hiyo. Kama mstari ulikuwa wa hidrojeni, mawimbi yalikuwa yamevutwa mara sita, na mwanga ule ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na mbili. Kama ulikuwa wa oksijeni, yalikuwa yamevutwa mara mbili tu, na galaksi haikuwa na ajabu yoyote. Bi. Mukai alikagua, akasema ni hidrojeni. Kituo kizima kilisherehekea. Familia ya Simel ilichinja ng'ombe, tukaenda Mashuuru kula, na Parmuat akaijenga tasnifu yake yote juu ya galaksi hiyo. Akaalikwa kuitangaza kwenye mkutano mjini Arusha.

Wiki ya safari, Bi. Mukai aliona mwanga hafifu upande wa samawati wa ule mstari, mahali ambapo galaksi ya mbali namna hiyo ingepaswa kuwa giza. Huenda ulikuwa mwanga wa galaksi nyingine iliyo mbele yake. Huenda sivyo. Alipima upya, akapima tena. Asubuhi aliamini hidrojeni, jioni oksijeni. Pale Namanga, kwenye foleni ya uhamiaji, alimkabidhi afisa kadi yake ya kliniki badala ya paspoti. Hapo hapo mpakani akamwambia Parmuat kwamba hana hakika tena. Parmuat alimsihi anyamaze mpaka mkutano uishe.

Ukumbini, mwenyekiti alimwuliza Bi. Mukai, kama msimamizi, iwapo anathibitisha kipimo hicho.

"Sijui," alisema. "Wiki jana nilijua. Leo sijui."

Parmuat aliacha kumsalimia. Kwa miezi mingi walikaa chumba kimoja bila neno, na sisi wengine hatukujua tushike upande gani. Kuna waliosema ameokoa jina la kituo. Kuna waliosema amemharibia mwenzake maisha kwa sababu ya doa la mwanga. Yeye mwenyewe alikuwa akiuliza watu, hata mpishi wa kantini, kama alifanya vyema.

Mwaka uliofuata tulipata picha kali zaidi. Ule mstari mmoja kwa kweli ulikuwa mistari miwili iliyobanana, na hiyo ni tabia ya oksijeni. Tulitarajia Bi. Mukai afurahi. Alizima kompyuta, akaenda nyumbani.

Jumamosi iliyofuata alisafiri hadi Mashuuru kwa mama yake Parmuat, kwa kuwa aliona ni haki ya mama huyo kuelezwa ana kwa ana. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza kama galaksi imerudi karibu. Bi. Mukai akasema haijasogea. Ni wao waliokosea, na aliyekagua mwanzo ni yeye.

"Sasa mbona uko na huzuni, Mama Mbithi?" mama aliuliza, akimwita Bi. Mukai kwa jina la mwanawe. "Si ni wewe ulishuku?"

"Kwa sababu nilitaka iwe mbali, mama. Nilitaka vile yeye alitaka."

Parmuat alikuwa nje ya dirisha akitengeneza bomba la tangi. Aliweka spana chini, akaingia, akaketi karibu naye.

"Supa, Madam," alimsalimia kwa Kimaasai.

Jumatatu yake walianza tasnifu upya pamoja, safari hii juu ya namna ya kutofautisha mstari wa hidrojeni na wa oksijeni. Parmuat alihitimu mwaka 2004, na mbinu zao ndizo tunazotumia hadi sasa. Kuanzia wiki ijayo, Dkt. Simel ndiye mkuu wa idara ya vipimo.

Bi. Mukai, asante kwa kutufundisha, na asante kwa siku ile ya Arusha, uliposema mbele ya watu jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia, wewe ukiwa wa kwanza. Tunakuombea afya njema na siku zisizo na haraka, wewe na Mzee Ndolo na wajukuu. Jumatatu tutaingia kazini kama kawaida, na bado hatujui tukikwama tutamwuliza nani.

Emmanuel Tajeu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako