Pua ya Candide

Treni ya Tabora ilikuwa imetoka Mpanda muda si mrefu, na mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshalowanisha leso ya pili. Aliitwa Candide, mkulima wa Kasokola. Jirani yake, mzee Telesphor, mchuuzi wa dagaa wa Ikola, akamwonea huruma. "Hayo mafua, mama, ungejifukiza."

"Nimejifukiza miezi saba, baba. Nilianguka na bodaboda, nikagonga kichwa chini. Tangu hapo tundu moja la pua linatoa maji, nikiinama yanamwagika. Nimetibiwa mafua, nimetibiwa aleji, nimeombewa. Mwezi uliopita nikaugua homa ya uti wa mgongo, nusura nife. Ndipo daktari mmoja akayapima haya maji, akanipiga picha ya kichwa. Ni maji ya ubongo, mfupa una ufa. Naenda wakauzibe kwa kupitia puani."

"Ubongo wangu haujawahi kutoa maji," alisema Telesphor, na hakuna aliyembishia. "Pua ni pua. Watakupasua bure."

"Wote walionitibu mafua walikuwa na uhakika kama wewe, baba. Huyu peke yake ndiye aliyesema hajui, ngoja apime. Nikamwamini."

Treni ikasimama Katumba. Telesphor akabeba kiroba chake, kisha akamtajia namba yake ya simu. "Ukipona nipigie," alisema. "Lakini ni mafua."

Candide aliiandika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa puani.