Mlango wa Sylvère

Basi dogo la kutoka Kinama, mtaa uliokuwa na mapigano, lilikuwa na mlango wa mbao juu ya paa. Shaabani, fundi wa gereji, alikuwa ametoa mkono dirishani kushikilia kamba iliyoufunga. Bibi Hayat, aliyeketi nyuma, alimsikia mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akimchokoza.

"We papa, iyo mulango umeiba kwa nani?"

"Apana, mama. Ni ya jirani yangu, Sylvère. Alikimbilia Mutanga Nord kwa ndugu yake. Niliing'oa mbele ya wezi kufika. Namupelekea."

"Mutu hana nyumba, atafunga nini?"

"Atajua kuna siku ya kurudi."

"Na kwako kuna mulango?"

"Walivunja. Tumetundika kitenge."

"Ee Mungu! Watoto wanalala nyuma ya kitenge, risasi zinalia, na we unatembeza mulango mujini! Bujinga!"

"Muke wangu pia amesema ivyo. Lakini nikiiweka kwangu, Sylvère akija kunisalimia, atabisha kwa mulango wake mwenyewe?"

"Abishe apo apo! Atakuta watoto wako wazima!"

Bibi Hayat aliona wote wawili wana haki, na jambo hilo halikumpendeza hata kidogo.

Basi likasimama Mutanga Nord. Shaabani akashuka, akapanda paani kufungua kamba. Yule muuza ndagala, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbele, akashuka, akajitwika kapu lake kichwani, akapokea upande wa pili wa mlango.

"Bujinga tupu," alisema. "Inua vizuri, usiikwaruze."