Gusa Kwanza: Maisha ya Dada Yetu, Bibi Wadudu

Dada yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Wadudu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mama fundi cherehani. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, kitinda mimba.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea kilimo, na tarehe 2 Mei 1982 akaajiriwa katika kituo cha afya ya mimea. Kwa miaka thelathini na minne alikaa kwenye meza ileile ya dirishani, akipokea majani yaliyoletwa kwenye mifuko ya plastiki. Kwa lenzi yake ndogo aliwatambua wadudu wanaonyonya utomvu, hata wale ambao sisi wengine tungedhani ni vumbi. Hakutaja dawa kabla ya kumjua mdudu.

Dereva wa kituo alimpelekea jani la waridi siku tatu mfululizo. Siku ya tatu Dada akamwambia, "Waridi lako ni zima kabisa. Unayeumwa ni wewe." Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1986.

Novemba 2023 alianza kuumwa tumbo. Alipimwa mara nne. "Nipeni jina lake tu," aliwaambia madaktari. Jina lilipopatikana ilikuwa saratani ya kongosho, imeshasambaa, na sisi hatukuwa na la kufanya ila kukaa naye. Mimi kukaa tu kulinishinda. Mlimau wake wa kwenye ndoo ulikuwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga, nikausugua wote kwa maji ya sabuni. Nikampelekea jani, kifua mbele. Akaweka lenzi jichoni, akacheka mpaka akakohoa.

"Mdogo wangu, umeua walinzi, wezi umewaacha kwenye mshipa wa jani!"

Kumbe baadhi yao walikuwa watoto wa mbawakawa, wanaofanana na vidung'ata na kuwala.

"Siku nyingine gusa kwanza," akasema. "Anayekimbia ni mlinzi. Anayetulia ananyonya."

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono, na haikusaidia kitu.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mimi. Mlimau unapukutika. Jana asubuhi niliona kitu kimoja cheupe chini ya jani. Nikakigusa. Kikakimbia. Nikageuka mbio kumwita Dada aje aone.

Dada, majani ya watu umeyapokea vya kutosha. Pumzika kwa amani.