Mkia Wake Mwenyewe

Taichung, 16 Julai 2019

Kwa Mwalimu Kan Ching-fu

Leo Mwalimu Kan anastaafu baada ya kuwatunza reptilia wa makumbusho yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Alikuja kijana mwembamba. Anaondoka na kitambi kidogo ambacho sisi wa chumba cha vielelezo tunajivunia, maana ni kazi ya mapishi yetu.

Mnyama wake ni mjusi asiye na miguu. Wengi wetu tulimwita nyoka mpaka Mwalimu alipotukalisha chini. Mjusi huyu ana kope, hupepesa macho. Ana tundu la sikio. Ubavuni ana mkunjo mrefu kama mshono, na ndani, mkia unapoanzia, kuna kipande cha mfupa wa nyonga, baki la miguu ya mababu zake. Ndiyo maana wataalamu wamempanga katika familia ya mijusi, na kabati lake si la nyoka.

Somo hilo alilipeleka hadi kwenye mashamba ya chai milimani, ambako majembe yalikuwa yakimmaliza mnyama huyu. Aliwaomba wachuma chai wamtazame machoni kwanza, akipepesa, wamwache.

"Tumtazame nyoka machoni? Tangulia wewe, Mwalimu, sisi tuko nyuma yako!" walimcheka.

Alitangulia. Siku hizi wao ndio humpigia simu wakimwona mmoja.

Tetemeko la Septemba 1999 lilimchukua mume wangu, Lo Wen-sung, dereva wa safari zetu za milimani. Humu chumbani liliangusha kabati, chupa za mijusi waliohifadhiwa kwenye spiriti zikavunjika, nao wakatapakaa sakafuni kati ya vioo, mikia imekatika. Mmoja alikuwa wa Wen-sung. Alimkamata mwenyewe chini ya gogo, akamleta ndani ya kofia yake, akawa anamwambia atulie, wanakaribia kufika. Niliporudi kazini nilitaka jambo moja tu: mjusi yule awe mzima tena.

Mikia mingine iliporudishiwa wenyewe, mezani ulibaki mmoja, na urefu wake ulifaa. Dada Hsiung wa maabara alinong'ona, nami nikasikia.

"Kaka Kan, mpe tu mama wa watu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na yeye ndiye atakayeutazama kila siku."

Mkia wa mjusi huyu haukatiki kwenye kiungo, hukatika katikati ya pingili ya uti wa mgongo, na nusu moja hukubali nusu yake tu. Ule ulikataa. Nililia. Mwalimu alinimiminia chai, akakaa nami hadi ikapoa.

Hakuacha kutafuta. Tulipokuwa tukifanya usafi wa Mwaka Mpya aliukuta mwingine nyuma ya bomba la maji, umekauka kama kijiti. Aliulainisha polepole, kisha akaniita nishike lenzi. Pingili ziliingiana. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

Habari za makala zake na wanafunzi wake zitaelezwa na wenzangu wanaojua zaidi.

Asante, Mwalimu. Nenda ukapumzike Puli, ule mapera, ulale mchana bila kuamshwa na simu ya mtu yeyote. Wen-sung ana mnyama wake kabatini, na ninaweza kumtazama bila shaka yoyote moyoni, kwa sababu hukukubali kunifariji kwa uongo. Siku ukiwa umekaa tu, huna la kufanya, tukumbuke, mimi na yeye.

Tsai Yu-lan
Chumba cha vielelezo