Karata za Matanga Yangu

Sikilizeni wanangu, Khamla na wewe Chansouk; sogeeni, acheni kukaa kila mtu na ukuta wake, sauti yangu haifiki mbali tena.

Kosa langu mnalijua. Reli ya Wachina ilipoingia mji wetu huu wa Luang Prabang, mimi mama yenu ndiye niliyesimama kwenye kikao cha mtaa nikawaambia majirani wapangishe nyumba zao kwa Wachina wa hoteli kutoka Kunming, wakajenge nyuma ya uwanja wa ndege, wapumzike. Walinisikiliza, wakahama wote, nami nikabaki kwa ukaidi tu, kwa kuwa baba yenu alifia chumba hiki. Wageni siwalaumu. Bwana Liu hapo jirani hanipiti bila salamu, na mkewe huniletea supu. Lakini mtaa mzima hakuna anayejua jina langu, nasikia tu masanduku ya magurudumu yakipita. Nina upweke, wanangu. Nilikuwa naona aibu kulisema.

Kwetu nyumba yenye maiti huitwa nyumba njema, maana majirani hujaa, wakala, wakacheza karata kwa kelele, ili marehemu asijione yuko peke yake. Kwenye matanga ya jirani yetu mzee Thongsy nilicheza siku tatu, nikawafunga wote. Kwangu atakuja nani?

Nyumba mpangishieni Liu. Chansouk, ulisema, "Mama, huyu analipa bila longolongo," na wewe Khamla ukamwita dada yako dalali wa Wachina, tangu hapo hamsemezani. Ulikosea, Khamla. Wewe mwenyewe unawakatia tiketi stesheni. Kodi gawaneni sawa, ila mkataba msiutie saini kabla maiti yangu haijatoka humu ikachomwa.

Waiteni wale majirani; waambieni nimewaomba radhi. Wakikataa, mwiteni Liu na wageni wake, karata wanazijua. Na hao wakiwa na treni ya kuwahi, basi kaeni nyinyi wawili hapa kando yangu, mmoja agawe, na msiinuke mpaka mmoja amtanie mwenzake nisikie.

Leteni mikono niwafunge uzi wa baraka. Huu mweupe... Vidole vimekataa. Khamla, chukua wewe, mfunge dada yako. Mkae salama... mpate watoto wenye makelele... nyumba zenu zisiwe kimya. Kaza kidogo, baba. Hivyo. Usimwachie mkono.